Shimo Nililoliziba Kwenye Wimbo wa Festo

Mwanangu, mwaka ule jua lilipoyamaliza mahindi yetu ya Mazingara nilikuwa na miaka kumi na minane. Shule niliishia darasa la tatu. Baba alikuwa ameshafariki, na nyumbani tulikula mihogo asubuhi, jioni tukanywa maji. Nikavaa shati la marehemu nikaenda Korogwe kukata mkonge. Sikwenda kutafuta muziki. Muziki ulinikuta kulekule, na kosa langu kubwa la ujana limo humo, si kwenye pombe wala wanawake kama unavyodhani.

Kwanza uielewe ile kazi. Ukiwa katikati ya mkonge nyapara hakuoni, anakusikia tu. Kisu kikilia, unafanya kazi. Kisu kikinyamaza, anakuja na matusi ya ukoo wako wote. Miaka miwili nilikata hivyo, nikawa mtu wa kelele. Hata kisimani nilikwenda nikipiga mluzi, nisije nikadhaniwa nimekaa.

Kambini alikuwepo Festo. Wazazi wake walitoka kusini kufuata kazi ya mkonge, yeye akazaliwa palepale. Alipiga gitaa la solo, na sijasikia mwingine kama yeye mpaka leo, nami nimeishi sana. Fundi mmoja wa mitambo alikuwa na santuri za Wamarekani weusi, za bluzi, fanki na jazi. Festo alizisikiliza mpaka zikakwaruzika, kisha akatunga za kwake: majonzi ya bluzi, fanki ya kukunyanyua kitini, na jazi ambayo ukidhani unajua inakokwenda, inakata kona. Ridhim, lile gitaa la kusindikiza solo, alinifundisha yeye, kila jioni, kwa uvumilivu ambao sikuwahi kumshukuru. Mikono yangu ilikuwa imejaa miba ya mkonge, hata nyuzi sikuzisikia vizuri. Hakunikatia tamaa, mpaka nikaingia kwenye bendi yake ya watu wanne iliyopiga klabu ya kambi.

Jumamosi moja akaja mtu wa kurekodi kutoka Dar, anapita njiani kwenda Arusha. Tulimkuta klabuni mchana, ameshapanga mashine yake juu ya meza ya karata. Bosi wake alitaka kusikia tunavyopiga. Akiridhika, Festo angeitwa Dar kutengeneza albamu nzima yenye jina lake.

"Utepe nilionao unatosha mara moja," akasema yule mtu. "Mkikosea, mmekosea."

Festo akatugeukia. "Wimbo wa mwisho, nikivuta ule uzi nikauachia, mikono juu wote. Msiguse kitu. Nitawatazama ndipo muingie. Seif, umesikia?"

"Mimi si kiziwi."

"Afadhali ungekuwa kiziwi," mpiga ngoma akadakia. "Kiziwi angetulia."

Tukacheka, tukaanza. Nakuambia, mwanangu, siku hiyo Festo alipiga mpaka mpishi wa klabu akaja na mwiko mkononi akasimama mlangoni. Tukafika wimbo wa mwisho. Akavuta uzi, akauachia. Ile sauti ikaning'inia, ikafifia, ikaisha. Kimya.

Na mimi ndani ya kile kimya mgongo ukanisisimka kama nyapara yuko safu ya pili anakuja. Festo hajamtazama mtu, mkono wangu umeshaanza wenyewe, chaka-chaka, chaka-chaka. Mpiga ngoma akachanganyikiwa akanifuata. Wa besi akabaki amesimama. Wimbo ukavunjika, na utepe ukaisha.

"Nani kakuita?" Festo akaniuliza, taratibu kabisa.

"Umeacha shimo, nimeliziba. Watu wangedhani umesahau."

"Lile shimo ndio wimbo, Seif."

Hapo ndipo pa kusema samahani. Neno moja tu. Lakini nilikuwa kijana mwenye kichwa kigumu, na mgeni alikuwa ananitazama. Nikasema kwa sauti, wote wasikie: "Wimbo gani wa watu kukaa kimya? Huo ni msiba."

Yule mtu wa kurekodi akacheka huku akikunja nyaya zake. Kutoka Dar haikuja barua wala salamu. Festo hakunitukana. Wiki iliyofuata alifunga gitaa lake kwenye shuka akaondoka, na miaka mingi nikawa nasikia kwamba anapiga mahotelini, nyimbo za wengine, wageni wanakula.

Mimi nikaacha mkonge nikaja Mkata. Nilianza kwa kuwauzia abiria wa mabasi mahindi ya kuchoma, nikaishia kuwa na duka. Hakuna aliyenishika mkono, hilo nalisema bila haya. Nikawa mtu wa kuamkiwa.

Kisha miaka michache iliyopita kondakta mmoja akashuka mbele ya duka langu. "Shikamoo mzee. Kuna mzee Festo, Dar. Anasema hatimaye anarekodi albamu yake. Uende, ridhim ya wimbo wa mwisho amekuwekea wewe."

Unajua nilimjibu nini? "Mwambie nina mahindi ya kupukuchua."

Mahindi yenyewe nilikuwa nimeshayauza. Niliogopa tu kwenda kuomba radhi na mvi zangu mbele ya vijana.

Albamu ikatoka. Binti yangu Mwanaidi akaipiga kwenye simu, tumekaa dukani. Ukafika wimbo wa mwisho. Festo akavuta uzi, akauachia. Kimya.

"Baba, simu imekata?"

"Haijakata. Nyamaza."

Gitaa likarudi lenyewe, polepole, na ngoma kwa mbali. Ridhim haikuingia. Hakumpa mtu mwingine ile nafasi. Aliiacha wazi mpaka mwisho wa wimbo.

Nikapanda gari kwenda Mashewa, ukweni kwake, alikohamia kupumzika. Nilimkuta barazani. Kiharusi kimempiga, mkono wa kushoto umelala pajani kama si wake. Nikamwambia, "Festo, nilikukosea. Kambini nilikosa, na kwa kondakta nikakosa tena."

Akanitazama sana. "Ya kambini nilishasahau, bwana. Ulikuwa mkata mkonge tu. Hii ya juzi ndiyo imeniuma. Siku tatu nawaambia wale vijana wa studio, subirini, anatoka Mkata, si mbali."



Basi sikiliza, mwanangu. Usichokielewa usikicheke mbele za watu, kwa sababu ukishacheka utaona haya kurudi kujifunza. Mwenzio akikuambia tulia, tulia, hata kama kazi uliyokulia imekufundisha vingine. Ukikosa, sema siku hiyohiyo, lingali neno dogo. Na aliyekusamehe akikuita, acha mahindi uende. Mungu akupe ulimi mwepesi wa kuomba radhi, akupe na rafiki wa kukusubiri siku tatu, na miguu ya kumfikia kabla hajachoka.

Mimi leo nina nyumba ya tofali Mkata, vyumba sita. Nina duka la mbegu na majembe, ekari kumi na mbili Mazingara, ng'ombe tisa na pikipiki moja. Albamu ya Festo ninayo kwenye simu. Jina langu halimo.