Siku Mdogo Wangu Alipopimwa kwa Mzani wa Samaki

Saa tisa alasiri nyanya alimpeleka mdogo wangu, aliyezaliwa asubuhi ile, kwa mnunuzi wa samaki wa Lowarengak, kando ya Ziwa Turkana. Mzani wa zahanati ulikuwa umeharibika, hivyo muuguzi alifuatana nasi; mama alibaki nyumbani akipumzika. Yote hayo yalinirudia juzi huko Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, nilipomwona mama wa Sudan Kusini akiwa amemfunga kichanga kifuani.

Kibanda kilinuka sangara na moshi. Nyanya alitandika shuka kwenye karai lililoning'inia kwenye mzani, akamlaza mtoto. Hakulia.

"Kilo mbili hazifiki," mnunuzi alisema.

Niliogopa, nikidhani tumekuja kumuuza. Samaki wepesi aliwakataa, na wavuvi waliwatupia ndege. Nikamvuta nyanya nguo. "Usimuuze! Ataongezeka!"

Mnunuzi alicheka. "Nimuuzie nani huyu? Hata supu hatoshi!"

Muuguzi alimgeukia nyanya. "Mama, mweke kifuani, ngozi kwa ngozi. Usimtoe hata akilala."

Leo najua kwamba mtoto mwepesi hivyo hupoteza joto upesi, hata kwenye jua la Turkana, na akipoa hukosa nguvu za kunyonya. Siku ile nilipomwona nyanya akimsukuma mtoto chini ya shanga zake na kujifunika, nilidhani anamficha ili mnunuzi asibadili nia. Niliokota jiwe, nikatembea nyuma yao nikigeuka kila mara.

Karibu na nyumbani, kilio chembamba kilitoka ndani ya shuka. Nyanya alisimama.

"Sikia," alisema. "Anataka maziwa."