Mkono Begani mwa Mzee Anaeli

Siki ikimwagika jikoni kwangu, hata tone moja kwenye kachumbari, mimi sipo tena jikoni. Niko Ngarenaro, nyuma ya pazia jeusi la studio ya mama yangu, katika chumba cha giza ambacho kabla yetu kilikuwa stoo ya mkaa. Dawa za kusafishia picha zilinuka siki, na siki ile iliingia kwenye nywele, kwenye sweta la shule, hata kwenye uji. Taa nyekundu iliwaka juu ya beseni za dawa, na ukuta wa mabati ulitetemeka kila fundi baiskeli wa jirani alipogonga ringi. Msimu ninaousimulia ulikuwa wa baridi, Julai ile ambayo Mlima Meru hujifunika ukungu wiki nzima na Arusha yote hutembea imejikunyata. Nilikuwa darasa la tano, likizo, na kazi yangu ilikuwa kuning'iniza picha zikauke. Nimekuwa mtu mzima na hasira ya msimu ule bado ninayo. Sioni sababu ya kuiomba radhi.

Katikati ya chumba ilisimama mashine ya kukuzia picha. Waliozaliwa na simu mkononi hawaijui, kwa hiyo nieleze. Ulikuwa mlingoti wa chuma, na juu ya mlingoti huo kichwa kizito chenye taa kilipanda na kushuka. Negativu, kile kipande cha filamu kilichotoka kwenye kamera, iliwekwa ndani ya kichwa, taa ikawashwa, na sura ya mtu ikaanguka juu ya karatasi iliyolala mezani. Kichwa kikipanda, sura inakua, kikishuka, inapungua. Uzito wake ulibebwa na springi ndefu iliyofichwa ndani ya mlingoti, ikivuta waya uliopita juu ya kapi, ili mama akikiacha popote kikae hapohapo. Palikuwa na skrubu ya kukikazia, lakini meno yake yalishalika zamani. Kila kitu kilitegemea springi na waya. Mama aliisukuma ile mashine kwa kidole kimoja, kama mtu anayembembeleza ng'ombe mpole aingie zizini.

Mtaa ulimwita Mama Picha, na Mama Picha alikuwa na sheria moja ambayo wengi waliiona ya kichaa: negativu haitoki kwenye bahasha mpaka mmoja wa waliomo ndani yake afike mwenyewe. Ndugu hatoshi, mume hatoshi, mchungaji hatoshi. "Mwenye sura ndiye mwenye picha," alisema, na mtu akibisha alimwonyesha mlango. Sheria hiyo ndiyo iliyomleta mjane mjini kabla mume wake hajazikwa.

Mjane huyo alikuwa mama Naelijwa, kutoka juu mlimani, kule ambako nyumba husimama katikati ya migomba na kahawa. Mume wake, mzee Anaeli, aliwahi kuja studio mara moja tu maishani, siku ya kipaimara cha binti yao wa pekee. Namkumbuka kwa suti ya kahawia na viatu vilivyofutwa matope kwa jani la mgomba. Mama alitaka kumpiga peke yake kwanza. Mzee alikataa kabisa. "Picha ya peke yake ni ya marehemu," alisema. "Mimi sijafa. Njoo hapa, Naelijwa." Mkewe akasogea, akaweka mkono wa kulia juu ya bega la mume, vidole vimetulia kwenye suti kana kwamba ameviacha hapo miaka mingi. Hiyo ndiyo picha pekee ya mzee Anaeli iliyokuwepo duniani.

Alipofariki, mdogo wake, Zakaria, alishuka kutafuta picha ya kubebwa mbele ya jeneza. Kwao, kama kwa wengi wa mlimani, mjukuu hutangulia na msalaba, mwingine anafuata na picha kubwa ndani ya fremu, kisha jeneza. Mama akamwambia negativu ina watu wawili, mmoja amefariki, basi amlete mwingine. Siku iliyofuata akarudi naye, amevimba kwa hasira.

"Umenifanya nimtoe mjane mkekani," alisema. "Kwetu hilo ni jambo zito, Mama Picha."

"Pole na msiba, mzee. Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu," alijibu mama Naelijwa kutoka ndani ya khanga yake, na akakaa kwenye benchi la wateja, chini ya pazia lenye mchoro wa maporomoko ya maji.

Zakaria hakukaa. Alitaka picha kubwa, na alitaka kaka yake peke yake. "Huyu mama muondoe," alisema, bila kumtazama aliyekuwa umbali wa hatua mbili. "Mtu aliye hai haendi mbele ya jeneza. Ni kumwitia kifo. Namhurumia shemeji yangu."

Hata mtoto wa darasa la tano aliujua uzito wa huruma ile. Mama Naelijwa hakuwa na mtoto wa kiume. Kahawa ile, migomba ile, nyumba ile, vyote vilikuwa vikisubiri kikao cha ukoo baada ya maziko, na tayari, kama alivyotusimulia baadaye, walishaanza kumwambia kwa sauti laini kwamba binti yake aliyeolewa Momela ana chumba cha ziada. Kwanza unaondolewa kwenye picha, kisha kwenye nyumba. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Wale wa Zakaria walitaka kumnyonga, na haki yake waende nayo nyumbani.

Mama alimkumbusha maneno ya marehemu mwenyewe, kwamba hakutaka picha ya peke yake. "Sasa amekufa," Zakaria akajibu. "Sasa inamfaa." Sijawahi kusikia jibu baya zaidi ya hilo likitolewa kwa utulivu kama ule.

Tukaingia chumba cha giza. Ili mzee Anaeli aijaze karatasi yote peke yake, ilibidi kichwa cha mashine kipande hadi juu kabisa, mkewe adondokee nje ya karatasi, mezani, kwenye giza. Mama akakisukuma kikapanda. Uso wa mzee ukakua juu ya karatasi. Uso wa mkewe ukateleza pembeni, ukabaki sikio, ukabaki utepe wa kitambaa. Kisha mama akakirudisha chini kidogo ili kuinyoosha sura, na waya, ambao siku nyingi ulikuwa ukichanika uzi mmoja mmoja pale kwenye kapi, ukakatika. Springi ikalia ndani ya mlingoti kama bati lililopigwa jiwe. Kichwa kikaanguka, kikamkwaruza mama kifundo cha mkono, kikatua mezani na taa ikazimika. Mama alitoa negativu kwanza, akaielekeza kwenye taa nyekundu, akapumua. Ilikuwa nzima.

Zakaria akatangaza kwamba ataenda kunywa supu, na kwamba akirudi akute kazi imekwisha. Mama akaenda kwa fundi jirani, akarudi na waya wa breki ya baiskeli na njiti ya mwavuli mbovu. Akafungua kifuniko cha juu ya mlingoti, akaitumbukiza njiti iliyopindwa ncha, akaivua springi kutoka chini kama mtu anayevua ndoo iliyozama kisimani. Tatizo lilikuwa kichwa. Lazima kishikiliwe juu wakati waya unafungwa, na mimi sikuwa na nguvu hizo. Nilijaribu, kikanishinda, kikashuka.

Pazia likafunguka. Mama Naelijwa alikuwa amesimama, khanga ameikaza kiunoni. "Nimebeba mikungu ya ndizi tangu sijavunja ungo," alisema. "Nioneshe pa kushika."

Akaingiza bega chini ya kile kichwa cha chuma akakiinua. Nililiona bega lake likitetemeka, na mama akihangaika na fundo huku damu ya kifundoni ikikauka. Walizungumza kwa sauti za chini, kama wanawake wanaosuka nywele. Mjane alisema mume wake alikuwa akikoroma hadi mbuzi wanaamka. Walicheka, wote wawili, msiba ukiwa juu ya meza. Mama alipopitisha waya kwenye kapi na kuufunga kichwani, mama Naelijwa akautazama ulivyolegea.

"Mwanangu, huu si mrefu mno? Kamba ya mbuzi ikiwa ndefu hivi, mbuzi anaingia kwa jirani."

"Ni mrefu," mama alijibu.

"Hupunguzi?"

"Uache ulivyo."

Mjane akatoa bega polepole. Kichwa kikashuka, kikafika katikati, waya ukakaza, springi ikakipokea, kikatulia. Mama akakisukuma juu. Pale juu waya ulilegea, springi haikuwa na cha kuvuta, na kichwa kikashuka chenyewe hadi katikati. Akasukuma tena. Kikashuka tena. Kutoka katikati, taa ilipowashwa tena, karatasi ilimpokea mzee Anaeli pamoja na mkono wa mkewe begani, na nusu ya uso wa mkewe ikitazama mbele.

Zakaria alirudi akinuka pilipili na ndimu. Aliona kazi, akabadilika rangi.

"Nilisema peke yake."

"Njoo uone mwenyewe, mzee." Mama akamwingiza nyuma ya pazia, akakisukuma kichwa juu, akakiachia. Kikashuka. "Mashine haikai huko."

"Basi mkate kwa mkasi."

Mama akauchukua mkasi wa kukatia picha za pasipoti, akauweka mezani mbele yake. "Mkasi huo, mzee. Kata wewe. Mwenyewe yupo hapa, anakuangalia."

Mama Naelijwa alikuwa amerudi kwenye benchi. Safari hii khanga ilikuwa mabegani na uso wote ulionekana. Zakaria aliutazama ule mkasi muda mrefu. Hakuushika. Wapo watu wengi wa aina yake: ukatili wanaupenda ukifanywa na mkono wa mwingine, gizani, kisha waletewe umekauka ndani ya bahasha.

Nyumbani alifanya alichoweza. Aliikunja picha, upande wa shemeji yake akauficha nyuma, akaibana ndani ya fremu. Lakini mkono ulikuwa juu ya bega, na bega ni la mzee. Hakuna mkunjo ambao ungeweza kuutoa. Tulikwenda kuzika, mama na mimi, viatu vikizama kwenye matope mekundu ya mlimani. Picha ilipopita kati ya migomba, niliwasikia kina mama wa kwaya wakinong'onezana. "Huo mkono wa nani?" "Si wa Naelijwa?" "Mwenyewe yuko wapi?" Na kwenye kikao cha ukoo, tulivyosimuliwa, mzee mmoja wa kanisa alisimama akauliza jambo moja tu: ule mkono tuliouona wote mbele ya jeneza, mwenyewe atakaa wapi? Hapakuwa na aliyethubutu kujibu Momela. Mama Naelijwa alikaa nyumbani kwake mpaka alipokufa, mzee sana, na picha aliikunjua akaitundika ukutani, mstari wa mkunjo ukipita wima kati ya uso wake na wa mumewe.

Krismasi iliyopita nilialikwa kule mlimani. Watu wa mjini walikuwa wamerudi, nyama inachomwa, na juu ya mlango wa nyumba ileile walitundika bango kubwa la rangi la mwanzilishi wa boma, mzee Anaeli. Alikuwa peke yake. Nilisogea. Nikatafuta mkunjo, haukuwepo. Nikatafuta mkono. Bega lilikuwa tupu, suti imenyooka, laini, kana kwamba hakuna aliyewahi kuligusa. Kijana aliyelitengeneza, mjukuu wa Zakaria, mpole, hana ubaya wowote, alikuja kusimama pembeni yangu akitabasamu.

"Umeionaje, dada? Nilimsafisha babu kwa simu tu, hata dakika haikuisha. Palikuwa na kitu begani, kama mkono hivi, kinaharibu suti."

"Ule mkono ni wa bibi yako."

Akafikiri kidogo, kwa adabu. "Bibi yupi?"

Niliondoka kabla nyama haijaiva. Zakaria alihitaji supu, safari, na mkasi ambao hakuweza kuushika. Alihitaji kumtazama usoni mtu ambaye yeye alitaka kumfuta, na macho yalimshinda. Mjukuu wake hakuhitaji hata kujua kwamba kuna mtu.

Studio siku hizi ni kibanda cha kutuma na kutoa pesa. Mashine ninayo mimi, imesimama kwenye kona ya chumba ninachoandikia, waya wa breki ya baiskeli bado ni uleule, umeshika kutu, haujapunguzwa. Usiku ule niliporudi kutoka mlimani nilikisukuma kile kichwa hadi juu kabisa na kukiachia. Kikashuka.