Isome kwa Sauti

Leo jirani anachemsha mawese, na harufu yake imenikumbusha mama alivyokasirika siku alipousoma ujumbe kwenye simu yangu. Msichana wa darasani kwetu alikuwa ameweka picha yangu kwenye grupu na kuandika: "Mkimbizi ananuka, arudi Burundi."

"Jamani, nimechoka!" mama alisema. Akaepua sufuria ya mawese, akanishika mkono, tukaenda hadi kwa kina yule msichana, mtaa wa Katubuka, katika mji wetu wa kando ya ziwa.

"Shikamoo, bibi," akamwambia bibi wa yule msichana. "Naomba mjukuu wako amsomee mwanangu alichoandika. Kwa sauti."

Msichana alifika kwenye "ananuka", akaacha kusoma.

Bibi yake akamgeukia. "Mimi nilivuka ziwa hili nikikimbia vita Kongo. Haya, nipige picha. Niandike na mimi."

Msichana aliifuta picha yangu palepale, akilia.