Majibu Yaliyolingana

Gakii alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na minane, kwanza Meru, kisha London, na mgongo ulipokataa kuinua wagonjwa akahamia kazi ya utafiti. Kulikuwa na fomu ya Kiingereza ya kupima madhara ya dawa za ugonjwa wa akili. Ilikuwa imetafsiriwa kwa Kituruki, na sasa wagonjwa Waturuki walitakiwa kuijaza mara mbili, wiki mbili zikipita katikati. Majibu yakilingana, fomu inaaminika.

Mzee Nevzat, fundi cherehani, alikuja na binti yake Sevgi wa kumtafsiria. Mikono ilimtetemeka hata kalamu ikatoboa karatasi. Miguu haikutulia chini ya meza, na kila mara alijifuta mate kwa leso. Kwenye kutetemeka akaweka alama ya juu kabisa. Kwenye kukosa utulivu, vivyo hivyo.

"Baba anauliza kama daktari wake ataisoma," Sevgi akasema.

"Ataisoma," Gakii akajibu, akiamini hivyo.

Mchana akamwendea Daktari Mahendra, mkuu wa utafiti. "Yule mzee anateseka. Dozi yake inafaa iangaliwe."

"Waandikie kliniki yake," Mahendra akasema bila kuinua macho. "Lakini wakiibadilisha dozi kabla hajajaza fomu mara ya pili, huyo tumempoteza kwenye utafiti. Na watu tulionao ni wachache mno."

Gakii akaandika barua pepe. Aliiandika, akaifuta, akaiandika tena, kila mara ikipungua makali, maana kazini kwake kwa zamani aliwahi kupewa onyo kwa kujifanya daktari. Ile aliyoituma mwishowe ilisema tu kwamba huenda ingefaa, nafasi ikipatikana, mgonjwa aonwe. Hakujibiwa. Simu ilikuwa pale mezani, hakupiga.

Wiki mbili zikaisha. Mzee Nevzat akarudi, akaweka alama pale pale. Alipomaliza alisema kitu kwa Kituruki, polepole. Sevgi akatafsiri akitazama sakafu.

"Anauliza, ile ya kwanza ilisomwa na nani?"

"Bado nafuatilia," Gakii akasema, uso ukimwaka moto.

Mahendra alifurahi. Majibu yalikuwa yamelingana karibu yote.

Mwezi haukuisha, Sevgi akapiga simu. Baba yake alikuwa amemwaga vidonge vyote chooni, akakaa siku nyingi bila kulala, akapigilia madirisha misumari, mpaka polisi wakaja kumtoa. Sasa yuko wodini, anachomwa sindano ya dawa ile ile.

"Mlikuwa mnajua," Sevgi akasema. "Aliwaambia mara mbili."

Gakii akaipigia kliniki papo hapo. Mazungumzo hayakufika dakika nne. Barua pepe yake ilikuwa imeangukia kwa mfanyakazi aliye likizo ya uzazi, na hakuna aliyeifungua.

Jumamosi akapanda basi kutoka kwake Kilburn hadi hospitali, na machungwa kwenye mfuko. Mzee Nevzat alikuwa ameketi kitandani, miguu ikimchezacheza. Alimtambua. Akamgeukia binti yake, akasema maneno mawili matatu.

"Anauliza kama umeleta fomu ya tatu."

"Hapana. Mwambie nimekuja kumwomba msamaha."

Sevgi hakutafsiri. Alipokea machungwa, akayaweka chini kando ya kitanda, kisha akaenda kumfungulia Gakii mlango atoke.