Pazia Langu la Bafta

Ndugu zangu, aibu hii nimeificha vya kutosha, sasa naitoa. Mdachi alipompa mume wangu kazi kwenye reli, tulihama mlimani tukaja Morogoro mjini, na furaha ikataka kunitia wazimu. Nyumba ya bati! Nilifunga mizigo yote mwenyewe, mpaka mafurushi ya darini, nikajisifu kwamba hakitasahaulika hata kijiko. Mama mkwe wangu, tuliyeishi naye na ambaye miguu inamsumbua, nikamwacha nyuma aje taratibu na mwanawe, mume wangu.

Nilipofungua mizigo mjini nikakuta bafta mpya, nyeupe pee, imekunjwa vizuri na inanukia kafuri. Nikasema, mume wangu huyu, kumbe kaninunulia kwa siri! Papo hapo nikaitundika mlangoni iwe pazia, nikawaita majirani waje waione nyumba.

Walikuja. Lakini kila aliyepita chini ya pazia aliinama, akaenda kuketi kimya. Nikadhani ndiyo adabu ya watu wa mjini, na mimi nikaanza kuinama. "Hebu linuseni," niliwahimiza, "linavyonukia!"

Jioni mama mkwe akafika. Nikamkimbilia. "Shikamoo mama! Karibu, tazama pazia letu!"

Alishika ncha ya kitambaa, akainusa, akanitazama mbele ya wageni wote.

"Mwanangu," akasema, "hiyo sanda yangu nimeiweka miaka mingi. Si ungesubiri basi nife kwanza?"