Kipa Mwenye Adabu Nyingi

Ukitaka kujua kazi ya kocha msaidizi, mtazame mikono. Yule wa timu ya wasichana wa chuo alikuwa na pampu mkono mmoja, rundo la koni chini ya kwapa, filimbi mdomoni na funguo za stoo zikining'inia shingoni. Kocha mkuu alikuwa na kofia.

Kwa miaka minne neno lake kubwa mbele ya mkuu lilikuwa "sawa, mwalimu". Mkuu akisema Jumatatu ni kukimbia tu, sawa, mwalimu. Akibadili mawazo wasichana wakiwa wameshalowa jasho, sawa, mwalimu. Si kwamba yeye hakuwa na mawazo yake. Alikuwa nayo tele, ila aliyabeba mpaka nyumbani na kummwagia mama yake jikoni, wakichambua mchele.

"Hayo yote unaniambia mimi," mama alimkatiza siku moja. "Kwani mimi ndiye kocha mkuu?"

Jambo moja tu aliwahi kuling'ang'ania. Kwenye majaribio ya mwanzo wa mwaka alimwona binti wa mwaka wa kwanza, mikono mirefu, anayedaka mpira kama anapokea mtoto mchanga. Mkuu alimwona mwembamba tu. Msaidizi akajikaza. "Mwalimu, huyu niachie. Nitamfundisha."

"Haya," mkuu akasema. "Lakini akiharibu, ni juu yako."

Binti alikuwa na kila kitu isipokuwa mdomo. Alikuwa amelelewa vizuri kupita kiasi. Mpira wa juu ukija langoni, kipa yeyote hupiga kelele neno moja, "Acha!", na beki wake anampisha. Lakini beki wa kati wa timu hii ndiye nahodha, msichana wa mwaka wa mwisho, na kipa wetu hakujua kumwamrisha mkubwa. Yeye alisema, "Naomba, dada, niachie huo." Sentensi nzima, na mikato yake yote. Kabla hajafika kwenye "huo", nahodha alikuwa ameshapaa, vichwa vimegongana na mpira umelala wavuni. Mechi mbili, magoli matatu ya adabu. Wenzake wakambatiza Naomba.

Mkuu alimwita msaidizi ofisini, kile chumba cha meza moja kinachonuka viatu.

"Jumamosi akirudia namtoa palepale. Na jina lake halitarudi kwenye orodha mwaka huu."

"Sawa, mwalimu," msaidizi akasema. Aliumia. Alimpenda yule binti, na alijua kwamba binti akiondoka, hakuna atakayemsikiliza tena akisema anaona nini kwa mchezaji.

Wiki ile nzima yeye na binti walibaki uwanjani peke yao, wenzao wakishaondoka.

"Mimi ndiye nahodha, naukimbilia mpira. Nizuie!" msaidizi alisema.

"Acha," Naomba alisema, kwa sauti ya maktaba.

"Sijasikia."

"Acha... tafadhali."

Msaidizi alicheka mpaka akakaa kwenye nyasi. Kisha akauliza, "Mwanangu, unaogopa nini hasa?"

"Kocha, yule ni mkubwa wangu. Namwambiaje acha?" Binti akachezea kamba za glavu zake. "Hata wewe, kocha mkuu humwambii."

Msaidizi aliinuka, akaanza kuokota koni, na koni hazikuwa nyingi kiasi cha kumchukua muda ule wote.

Jumamosi walitangulia kwa bao moja. Mambo yalikwenda vizuri mpaka zikabaki dakika kumi, wapinzani wakapata kona. "Naomba, da..." Mpira ulimgonga nahodha begani, ukabusu mtambaa wa panya, ukatoka nje. Uwanja mzima ulishika kichwa. Kona nyingine.

"Basi!" mkuu akasimama. "Kipa wa akiba, vua koti." Akachukua karatasi ya kubadilisha mchezaji, akaanza kumfuata mwamuzi wa mezani.

"Acha!"

Lilimtoka msaidizi lenyewe, kubwa, kutoka tumboni. Mkuu aligeuka, karatasi hewani.

"Umesemaje?"

Msaidizi alisogea mbele yake. "Nimesema acha, mwalimu. Nilikwambia nitamfundisha, na bado sijamaliza. Mwache aicheze kona hii."

Pale langoni Naomba alikuwa ameachama, anamtazama kocha wake kama mtu aliyemwona mama yake anaruka ukuta. Filimbi ikalia. Kona ikapigwa, mpira ukapanda, nahodha akakunja magoti aruke.

"ACHAAA!"

Nahodha alijitupa chini bila kuuliza ni nani. Mpira ukatua kwenye ile mikono mirefu, ukakumbatiwa, ukatulia.

Bao lile moja lilitosha. Mwamuzi alipomaliza mechi, Naomba alimkimbilia nahodha kwanza. "Samahani sana, dada, nimekupigia kelele."

"Mdogo wangu," nahodha alisema akisugua sikio, "kelele hiyo nimeisubiri tangu mechi ya kwanza."

Msaidizi alikuwa anakusanya vitu peke yake, akijiandaa kwa maneno makali. Mkuu alikuja taratibu, ile karatasi imekunjwa mfukoni. Aliinama, akaokota koni moja, halafu nyingine, mpaka zikamjaa mikononi, kofia ikamwangukia puani.

"Jumatatu," akasema, "tukimbie, au unaonaje?"

Miaka minne, na lilikuwa swali la kwanza. Msaidizi alitaka kulia, akacheka badala yake.

"Hapana, mwalimu," akasema. "Jumatatu tunafanya kona."