Jumapili Tuliyompigia Baba Simu Sudan

Simu yangu ikianza kukwaruza, ile krrr-krrr inayokuja mtandao ukilegea, mimi husema "ova" bila hata kujijua. Wanangu hunicheka mpaka machozi yawatoke. "Mama, kwani wewe ni rubani?" Siku moja niliwakalisha ili niwaeleze neno hilo nililitoa wapi, lakini kabla sijafika mbali kila mmoja alikuwa ameshainamia simu yake. Basi wacha niwaeleze nyinyi, mnaoonekana kuwa na subira.

Katikati ya miaka ya tisini baba yangu alikuwa fundi wa visima kusini mwa Sudan. Shirika moja la misaada lilikuwa limemwajiri azunguke huko vijijini akitengeneza pampu za maji. Kulikuwa na vita, na kulikuwa na kila aina ya shida, lakini sisi watoto shida tuliyoijua ni moja: kule hakukuwa na simu. Sisemi simu mbovu, wala simu ya kupangia foleni. Hakukuwa na waya, hakukuwa na nguzo, hakukuwa na chochote. Walikuwepo wazungu wachache wenye simu zilizopitia angani, lakini dakika chache tu za simu hizo zingemmeza mtamba wetu na kamba yake.

Kwetu kijijini Ekerenyo, nchi ya Wagusii, nako hatukuwa na la kujivunia. Sokoni kulikuwa na kibanda kimoja cha simu, na simu yenyewe ilishang'olewa zamani. Tulikitumia kujikinga mvua tukitoka shule.

Aliyeitafuta njia ni mama yangu. Mama alikuwa mwanamke wa kuchuma chai, wa kuimba kwaya kanisani kila Sabato, na wa kutokubali kuambiwa haiwezekani. Mwaka ule alisafiri mpaka Nairobi, kwenye ofisi ya lile shirika, kufuatilia mshahara wa Baba uliokuwa umechelewa. Alipokuwa akingoja kwenye benchi, alisikia sauti ya mtu ikitoka chumba cha pili, na mtu huyo alikuwa akizungumza na Sudan. Mama hakungoja kukaribishwa. Aliingia, akakuta kijana amekaa mbele ya redio kubwa, ananukuu ujumbe kutoka kambi mbalimbali za huko. Mama akamtazama, akaitazama redio, akaitazama simu iliyokuwa kando yake mezani.

"Sasa wewe kijana," akamwuliza, "mimi nikikupigia hiyo simu kutoka Kisii, huwezi kuuweka mkono wa simu kwenye redio, mume wangu akanisikia?"

Kijana alicheka. Halafu, Mama anasema, aliacha kucheka, akajikuna kichwa.

Hivyo ndivyo tulivyopata kuongea na Sudan kwa bei ya Nairobi. Ujumbe ulitumwa kwanza kwa redio, Baba akaambiwa siku na saa ya kuwa karibu. Siku ikifika, sisi tulipiga simu kutoka Kisii, na yule kijana, tuliyemwita Bwana Redio, aliuweka mkono wa simu pale kwenye kipaza sauti cha redio. Kila mtu aliongea kwa zamu yake, na akimaliza alisema "ova" ili mwenzake ajue. Ukisahau kusema ova, mlikaa mkisikilizana mkipumua, na simu inakula pesa.

Simu tuliyoitumia ilikuwa ya Mama Hansa, mama Mhindi aliyekuwa na duka la vitambaa Kisii mjini. Nikifumba macho hata sasa naisikia harufu ya duka lile: udi aliouchoma asubuhi mbele ya picha za miungu yake, na wanga wa vitambaa vipya vilivyopangwa majora kwa majora mpaka darini. Simu yake ilikuwa nyeusi, ina kufuli dogo, na ufunguo ulikaa kwenye mkufu shingoni mwake. Sisi watoto tuliamini kwamba Mama Hansa ndiye mwenye Sudan.

Sasa mnisikilize vizuri, maana hapa ndipo pana jambo.

Desemba ile kaka yangu Onchiri alipaswa kutahiriwa. Wavulana wote wa rika lake walikuwa wanakwenda, hata wale wadogo aliokuwa akiwapiga ngumi darasani. Kwetu mvulana asiyetahiriwa huitwa omoisia, na neno hilo huumiza kuliko fimbo. Mwaka uliotangulia Onchiri alikuwa mgonjwa, akaachwa. Akiachwa tena, angebaki amelala jikoni kwa Mama huku wenzake wakitembea kifua mbele, na wadogo zake wangekuwa na haki ya kumtuma maji. Baba alikuwa ameahidi kurudi mapema ili atoe neno, lakini ndege zilisimamishwa huko alikokuwa. Babu yangu, baba yake Baba, alisema wazi kwamba mtoto hatoki boma lile bila neno la mwenye mtoto. Na wenzake walikuwa wanakwenda juma lile lile.

Onchiri aliacha kula. Onchiri ninayemjua mimi, aliyekuwa akikwangua sufuria hadi linalia! Jioni alikwenda kukaa nyuma ya zizi, na nikimfuata ananiambia, "Nenda zako, Nyaboke." Nilimwonea huruma mpaka nikamwachia ndizi zangu za kuchoma, naye hakuzigusa.

Basi Jumapili ile tukashuka Kisii watu wanne. Babu alivaa koti lake la harusi na kanisa, akashika fimbo. Mama alivaa gauni la kwaya. Onchiri alipakwa mafuta mpaka akang'aa. Mimi nilikwenda kwa sababu nililia.

Mama Hansa alitufungulia duka ingawa siku hiyo hakuwa na biashara. Alikuwa anajua kila kitu, maana Mama alimweleza walipopanga ile simu, mwanamke kwa mwanamke. Akafungua kufuli, akapiga, akapiga tena. Simu yake ilikuwa na sauti kubwa; kinachosemwa upande wa pili kilisikika dukani kote. Bwana Redio akaitikia.

"Fundi wenu yuko hewani anawangoja," akasema. "Lakini kumbukeni, hii redio haina siri. Kambi zote ziko hewani, wanasikia. Ova."

Babu alipokea mkono wa simu kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Nilimwona anameza mate. Halafu uso wake ukatulia, na nilijua amepata akili: angesema kwa Ekegusii, lugha yetu! Nani huko Sudan angeelewa? Akavuta pumzi, akatoa salamu ndefu ya asubuhi, "Bwakire buya mono," na Baba akaitikia kutoka huko mbali. Kumsikia tu, mwili ulinisisimka. Lakini kabla Babu hajaendelea, sauti nyingine nzito ikadakia hapo katikati, kwa Ekegusii safi kabisa, ikimwamkia Babu na kumwuliza mvua inaendeleaje.

Babu aliutoa mkono wa simu sikioni, akautazama.

Alikuwa mwuguzi, mwenyeji wa Magwagwa, yuko kambi nyingine, na alikuwa hajasikia lugha ya kwao kwa miezi mingi. Maskini, alifurahi. Lakini Babu alikwisha hapo hapo. Maana mambo ya tohara, nawaambia, si ya kutajwa ovyo. Kwetu kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni heshima, ni haya, ni mpaka. Baba na mwanawe hawazungumzi mambo ya mwili. Baba mkwe na mke wa mwanawe hata zaidi. Hawapeani mkono, wala mmoja hataji mbele ya mwingine neno linalokaribia huko. Na hapo Babu alikuwa amesimama hatua moja kutoka kwa Mama, mwanawe yuko kwenye redio, na mtu wa Magwagwa anasikiliza.

Kwa hiyo Babu akaeleza habari za ng'ombe. Akaeleza chai. Akaeleza jirani aliyehamisha mpaka wa shamba, na jinsi chifu alivyourudisha. Akasema ova. Baba akashukuru, akauliza kama kuna jambo lingine. Babu akasema yupo salama, akampa Mama simu.

Mama, yule yule wa Nairobi, aliyeingia ofisi za watu bila hodi, alifungua mdomo akaufunga. Macho yake yalikwenda kwa Babu, yakarudi chini. "Watoto wako salama," akasema. "Ova." Onchiri yeye hata hakupewa; angemwambiaje baba yake jambo kama hilo? Alisimama pale anang'aa mafuta.

Nikaona ni upuuzi mtupu. Nikasonga mbele nikapaza sauti, "Baba, Onchiri anataka..." Mama alinifinya mkono, nikaishia hapo. Alama ya kucha ilikaa mpaka jioni.

Mama Hansa alikuwa ameegemea kaunta, anatutazama mmoja mmoja.

"Sasa nyinyi watu," akasema, "nakuja mbali yote hii, nalipa simu, kunyamaza?" Akamnyang'anya Mama ule mkono wa simu. "Hallo! Baba Onchiri! Mimi Mama Hansa, ya duka. Sikia. Kijana yako nataka tahiri. Rafiki yake yote naenda. Mzee nangoja wewe seme. Wewe nasema nini? Ova!"

Tahiri! Alilitamka wazi, kwa sauti ya kumwita mteja wa ng'ambo ya barabara. Babu aligeuka mara moja akaanza kuchunguza barabara, ingawa haikuwa na kitu ila punda wa mtu. Mama alielekea kwenye majora ya vitambaa, akatupa mgongo. Mimi niliziba mdomo kwa mikono miwili.

Redio ikakwaruza. Ikakwaruza. Onchiri alinishika bega akanibana.

"Aende," Baba akasema, kwa Kiswahili. "Aende na wenzake. Ova."

Onchiri aliketi sakafuni. Hakuanguka, aliketi tu, akakiweka kichwa kati ya magoti, na mabega yakawa yanacheza. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kumbe vyote viwili.

Nilifikiri yamekwisha. Mama Hansa naye alikuwa anataka kuurudisha mkono wa simu mahali pake. Lakini sauti ya Baba ikarudi.

"Mama Hansa, bado uko hapo? Nipelekee neno kwa mama watoto. Mwambie kazi anayoifanya hapo nyumbani naiona, hata nikiwa huku. Mwambie sikukosea kumwoa. Ova."

Sote tulikuwa tumesikia. Duka zima lilisikia. Mama Hansa hata hivyo alilichukua kama mzigo aliotumwa, akamgeukia Mama. "Mama Onchiri, bwana yako nasema kazi yako naona. Nasema hapana kosea kuoa wewe. Nijibu nini?"

Mama hakugeuka. Alikuwa ameshika pindo la kitambaa cha kijani, anakikunja na kukikunjua. Shingo yake kwa nyuma ilikuwa imelowa jasho.

"Mwambie nimesikia," akasema.

Basi hapo ndipo kambi za Sudan ziliposhindwa kuvumilia. Mtu wa Magwagwa alipiga kigelegele, mwanamume mzima! Mwingine akasema hongera kwa Kiluhya, mwingine kwa Kiingereza, mwanamke mmoja akacheka na kusahau kuachia kitufe, tukamsikia akicheka mpaka Bwana Redio akaomba watu waheshimu hewa.

Onchiri alitahiriwa juma lile na wenzake, akarudi akitembea taratibu na kujisikia mno, na hakunisemesha kwa muda kwa sababu mimi ni mtoto. Baba alirudi mvua ndefu zilipoanza. Nilimngoja mlangoni nione atamwambia nini Mama. Alitua begi, akaamkiana na Babu, kisha akamwuliza Mama kama chai imechumwa. Mama akasema imechumwa. Ikawa basi. Nilikasirika kweli kweli! Nilimwona Baba mwoga na Mama mnyonge, na miaka mingi baadaye, nilipokuwa sekondari na kujifanya nimesoma, niliwaambia rafiki zangu kwamba ensoni ni kamba ya kuwafunga watu midomo.

Nilipoolewa ndipo nilipoanza kuielewa Jumapili ile. Habari ya tohara ingefika tu. Babu angemtafuta mjomba, mjomba angemtafuta mtu, neno lingezunguka likafika kwa njia zake. Lakini lile la pili halikuwa na njia nyumbani kwetu. Mbele ya baba yake, kwa lugha ya nyumbani, Baba asingeweza kulitamka hata angekuwa na mwaka mzima. Alihitaji Kiswahili, lugha ya shule na ya madukani ambayo haikujua aibu zetu, na alihitaji mdomo wa mtu wa nje usioogopa kulipokea. Alipoupata aliutumia bila kusita, na hakujali nani anasikia. Hakuwa mwoga hata kidogo, baba yangu.

Mwaka jana nilikuwa jikoni kwa Mama tukimenya ndizi, nikamwuliza kama hakuumia kwamba Baba, mpaka alipofariki, hakulirudia neno lile hata siku moja.

Mama aliweka kisu chini, akanitazama kama mtu anayeona kwamba ada ya shule ilipotea bure.

"Nyaboke," akasema, "mtu amekusifu mbele ya Sudan nzima. Unataka aje arudie jikoni?"